Mwaka wa Tatu

Chuo Kikuu cha Punta Serena, Kalifonia
Jumapili, 5 Septemba 1993

Mume wangu Eurico,

Nimefika, nimepata chumba, nimekula, nimelia. Kwa mpangilio huohuo.

Chumbani nimewekwa na binti wa miaka ishirini, jina lake Kirsten. Ananiita "mama" kwa heshima zote, halafu anaanika chupi zake juu ya meza yangu ya kusomea. Nimemwambia, "Niite Idalina." Akajibu, "Sawa, mama." Kwenye chuo chetu cha jamii kule Merced, nilikosomea sehemu ya kwanza ya shahada, nilikuwa mmoja wa kundi: wale tuliokuwa tukifika darasani mbio kutoka kazini, huyu ana unga kichwani, yule ana grisi, mimi na harufu ya zizi. Hapa watu wanatembea polepole. Wana muda hadi wanautupa.

Kila siku saa tisa alfajiri nashtuka, nashuka kitandani, napapasa sakafuni kutafuta mabuti. Kukamua nawe miaka yote hiyo hakutoki mwilini kwa siku mbili tatu. Narudi kulala upande wangu, upande wako nauacha, kana kwamba utaingia umechelewa.

Masomo ya uchumi yenyewe yataanza baadaye kidogo. Kuna hesabu fulani za kumalizia kwanza. Usijali.

Mbusu Nélia. Mwambie mama yako ahadi niliyoiweka mezani mbele yake iko palepale: miaka miwili, nichukue shahada yangu, nirudi nyumbani.

Mkeo,
Idalina


Gustine
19 Septemba 1993

Mama Nélia,

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Barua ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kukuposa, na hata hiyo dada yangu alinisahihishia. Kwa hiyo ukikuta makosa, ni yangu halali.

Sisi wazima. Nélia sasa anajisuka nywele mwenyewe, anakwenda shule kama fagio lililopigwa na upepo. Nilijaribu kumsaidia, akaniambia, "Baba, hilo ni fundo la kufungia ndama." Ana miaka tisa na ulimi wako wote.

Mama amehamia kwetu "kwa muda", kama anavyosema. Ameshapanga upya makabati yote ya jikoni, chumvi siioni tena.

Usisahau kura yetu. Tumengoja tangu tuoane jina litoke, na mwaka huu limetoka: taji la Roho Mtakatifu, ambalo parokia huzungusha nyumba kwa nyumba kama wazee wetu walivyofanya kule visiwani, litakaa nyumbani kwetu wiki ya mwisho kabla ya Pentekoste, mwezi wa tano. Kila jioni parokia nzima itajaa sebuleni kwetu kusali rozari, na sebule yenyewe ina rangi ya mwaka wa arusi. Mama anasema nyumba isiyo na mama wa nyumba haipokei taji, ni sheria. Na Mama akisema sheria, hata padri anatafuta kiti. Kwa hiyo wiki hiyo ni lazima uwepo.

Nyumba imekuwa kubwa, Idalina. Sijui nani amezivuta kuta.

Wako,
Eurico


Punta Serena
17 Oktoba 1993

Eurico wangu,

Kaa chini kwanza. Hii ningekwambia kwa simu, lakini simu yetu iko jikoni, na jikoni kuna Mama.

Nimekuficha jambo. Wiki ile niliyofika, mshauri wa idara ya uchumi alipitia masomo yangu ya chuo cha jamii moja baada ya jingine, anatia tiki, anatia tiki, mpaka akafika kwenye zile hesabu za juu, kalkulasi. Akaacha. Akaniuliza, "Hii ni ile ya wafanyabiashara?" Nikasema ndiyo. Akasema chuo kimenipokea, hilo halina shaka, ila idara ya uchumi haiitambui hiyo. Wao wanataka kalkulasi ya wahandisi, sehemu mbili: moja muhula huu, nyingine ujao. Nikifaulu zote kwa alama nzuri ndipo nipige hodi idarani. Nikianguka, nitafute shahada nyingine, ya uchumi niisahau. Kabla ya hapo madarasa yao siruhusiwi hata kuchungulia.

Unakumbuka kwa nini niliichukua ile? Ya wahandisi ilikuwa alasiri, saa ya kukamua. Tulikaa na ratiba mezani, ukasema, "Chukua ya asubuhi, hesabu ni hesabu, ng'ombe hawangoji." Nikaona umesema kweli. Nani mwingine duniani angechagua somo kwa kutazama saa ya ng'ombe? Sikulaumu hata chembe. Mkono uliojiandikisha ni wangu.

Lakini maana yake ni hii: si miaka miwili tena. Ni mitatu.

Nimeandika, moyo unanienda mbio. Naitaka shahada hii, Eurico. Nilikuwa nikiona bei ya maziwa inapanda na kushuka, baba yangu anainamisha kichwa kana kwamba ni mvua ya mawe, nikajiambia lazima kuna mtu anajua kwa nini. Nataka niwe mtu huyo. Na nakutaka wewe pia, ndiyo shida yenyewe.

Nijibu upesi. Hata ukinitukana, nijibu.

Idalina


Gustine
31 Oktoba 1993

Mkwe wangu Idalina,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Mumeo hajambo, ila haoni.

Yule ng'ombe mweusi mwenye adabu mbovu alimchapa mkia jichoni wakati wa kukamua, na mkia wenyewe ulikuwa umejaa kile unachokijua. Badala ya kunawa akafikicha kwa mkono wa zizini, jicho la pili nalo likaambukizwa. Daktari amemfunga yote mawili mpaka yapone. Atapona, usianze kulia. Ndugu wawili wa kina Silveira wanatukamulia.

Kwa hiyo barua yako nimemsomea mimi. Sasa anataka niandike maneno yake, nami naandika:

"Mke wangu mpenzi, nimefurahi kusikia masomo yanakwenda vizuri na huko kuna jua. Mimi nalala tu kama mfalme. Usije, usipoteze masomo, sina kitu. Giza hili lina faida moja, nakuona wewe mchana kutwa. Nikikukumbuka ulivyokuwa ule usiku wa—"

Hapa amesema mambo ya mume na mke. Mimi ni mjane, siyaandiki.

Haya yanayofuata ni yangu, yeye ameshatoka, anapapasa ukuta. Ile habari ya mwaka wa tatu sikumsomea. Nilipofika pale nikasoma hali ya hewa ya pwani. Mtu aliyefungwa macho haongezewi giza. Utamwambia mwenyewe Krismasi, uso kwa uso. Au usimwambie, ubaki hapa na mumeo na mwanao, na hiyo kalkulasi wabaki nayo wahandisi.

Mama mkweo,
Deolinda


Punta Serena
7 Novemba 1993

Mama, shikamoo, na nipe baraka zako kama desturi.

Nimelia, nimekasirika, nimelia tena. Ile ilikuwa barua ya mume wangu, haikuwa yako kuikata kama soseji. Lakini nakuelewa, na Mungu anisamehe, nimeona nafuu kidogo. Nitamwambia Krismasi.

Naomba haya umsomee neno kwa neno, bila hali ya hewa:

Eurico, mwanamume wangu, nataka harufu yako ya maziwa na sabuni ya mche. Nataka miguu yako baridi mgongoni mwangu, ile niliyokuwa nikiipigia kelele. Nataka unilalie mkono wangu mpaka ufe ganzi. Macho yakifunguliwa, mimi niwe kitu cha kwanza.

Samahani, Mama. Meza maji uendelee na kazi.

Idalina


Gustine
23 Januari 1994

Mama Nélia,

Naandika kwa mkono wangu, nasoma kwa macho yangu, namshukuru Mungu. La kushoto bado linatoa machozi kwenye ukungu, lakini ukungu wa bonde hili humliza hata mwenye macho mazima.

Sijakwambia Mama alivyoisoma ile barua yako. Aligeukia ukutani. Alisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza misiba. Alipofika kwenye miguu baridi akasema, "Yesu na Maria," akaendelea. Nilicheka mpaka bandeji zikaloa.

Krismasi ilikuwa fupi. Siku ya pili baada ya wewe kuondoka Nélia alilala na sweta yako, nami nikamwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Kulikuwa na wakati nilikuona kama una neno mdomoni, pale mezani niliposema tukimaliza huu mwaka mmoja na nusu uliobaki tutaongeza chumba upande wa mashariki. Ukatabasamu, ukanipakulia supu. Nikasema ni uchovu.

Mwaka mmoja na nusu, Idalina. Si mrefu. Nimeshaanza kupaka rangi sebule kwa ajili ya taji.

Wako anayeona,
Eurico


Punta Serena
6 Februari 1994

Eurico,

Lile neno mdomoni uliloliona ni kweli lilikuwepo. Nilikuja nalo, nikala nalo, nikalala nalo kando yako, nikaondoka nalo. Ulikuwa umefunguliwa macho juzi tu, umefurahi kama mtoto. Kila nilipofungua kinywa nikasema kesho.

Ni hili. Si mwaka mmoja na nusu. Ni miwili na nusu. Ile kalkulasi ya asubuhi, tuliyoichagua ili nisikose kukamua alasiri, idara ya uchumi haiitaki. Nasoma nyingine yote upya. Sehemu ya kwanza nimefaulu mwezi wa kumi na mbili, hata hilo sikuweza kukwambia tukashangilia. Nikifaulu ya pili, watanipokea. Nikianguka, uchumi basi.

Nilikuandikia yote mwezi wa kumi, lakini wakati ule ulikuwa hujioni hata mkono. Mama alikuhurumia, akairuka sehemu hiyo.

La pili: mtihani ni Jumatano ya wiki ya taji. Nimekwenda kwa mwalimu, nimemweleza rozari, taji, kura, yote. Akanisikiliza vizuri, akasema tarehe haibadiliki. Ninaweza kufika Ijumaa. Sheria ya nyumba kuwa na mama wa nyumba naijua. Sijui la kufanya. Niambie la kufanya.

Idalina


Gustine
27 Februari 1994

Idalina,

Nimesoma mwenyewe. Hakuna aliyenirukia mistari safari hii.

Tusidanganyane kuhusu kalkulasi. Kalkulasi si kosa lako, mimi ndiye niliyesema hesabu ni hesabu. Kama ungeniambia siku ile ya kwanza ningeipiga teke ndoo, ningekaa siku mbili sisemi, halafu ningesema haya, mitatu.

Kosa ni Krismasi. Niliongea juu ya chumba cha mashariki, mimi na penseli, nachora juu ya kitambaa cha meza, wewe na mama yangu mnatazamana. Macho yangu yalikuwa yamefunguliwa, na bado mlinishika mkono kama kipofu.

Kuhusu taji, fanya utakavyo.

Eurico


Gustine
1 Mei 1994

Mkwe wangu,

Barua zako tatu zimefika. Zote anazo kwenye mfuko wa koti la zizini, amezisoma mpaka zimelegea. Kujibu, hajibu. Mimi nami hanisemeshi zaidi ya "shikamoo" na "chumvi iko wapi". Anajipikia mayai mwenyewe, na Nélia anayala kwa huruma.

Nilikosea? Nilikosea. Nimeshasema, usitegemee nirudie.

Sasa sikiliza. Kuhusu ile sheria ya kwamba nyumba isiyo na mama wa nyumba haipokei taji. Hakuna sheria kama hiyo. Niliitunga mimi. Kule kisiwani kwetu taji lilikaa hata kwa kapera. Nilitaka tu uwe na sababu ya kurudi ambayo hakuna mwalimu angeweza kuishinda. Kumbe wapo.

Mwanangu ni mkimya, baba yake alikuwa mkimya, wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele humu ndani. Nilizoea kukulalamikia. Sasa nalalamikia makabati.

Fanya mtihani wako, uje Ijumaa. Rozari ataongoza Eurico, ameshakubali, yeye ambaye kanisani hata amina huimeza. Anafanya mazoezi ya litania wakati wa kukamua. Ng'ombe wameshaishika.

Deolinda


Punta Serena
12 Juni 1994

Mume wangu,

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Juzi idara ya uchumi imeniandika rasmi, na madarasa ya kiangazi nimeshaanza ili nisipoteze muda. Mshauri alinipa mkono. Nikatamani uwe wako.

Bado naiwaza ile Ijumaa. Nimeshuka kwenye basi nimechelewa, naingia sebuleni watu wamepiga magoti hadi barazani, na sauti iliyokuwa ikiongoza sikuitambua. Nikauliza kimoyomoyo huyu ni nani. Kumbe ni mume wangu, amekauka koo, taji nyuma yake na maua ya Nélia yameinama upande. Nilipiga magoti mlangoni pale na mkoba wangu. Supu ya Jumapili niliipakua kwa watu mia na zaidi, na kila mwanamke aliyenyoosha bakuli aliniambia habari moja: kwamba Jumatano, katikati ya rozari, ulilia mbele ya watu. Wanasema hawajaona imani kama ile tangu wazee waliotoka visiwani. Hata padri anakusimulia.

Wewe hukunisimulia. Tulilala kitanda kimoja siku tatu, ukanishika kana kwamba ningeanguka, lakini neno hukutoa. Kituoni nikakuuliza kama unaukubali mwaka wa tatu, ukasema, "Sawa." Basi likaondoka.

Sawa ya namna gani, Eurico? Nimeibeba mpaka huku, sijui nimebeba nini.

Idalina


Gustine
19 Juni 1994

Idalina,

Hongera. Nimeanza na hilo kwa sababu ni la kweli, na nisipolitanguliza halitaaminika baada ya haya mengine.

Haikuwa sawa. Nilisema vile kwa sababu dereva alikuwa ameshawasha gari na watu wanatutazama. Nyumba hii imefichana vya kutosha, kwa hiyo nitakwambia, nawe ukishasoma uamue kama bado una mume.

Mwaka wa tatu siutaki. Wa pili sikuutaka. Wa kwanza niliukubali kwa sababu nilidhani utashindwa. Ndiyo. Nilikubeba mpaka kituo cha basi na masanduku yako, nikakubusu, na moyoni nikasema atakaa mpaka Krismasi, atachoka, atarudi. Watu wakanisifu: tazama mwanamume, amemruhusu mkewe asome. Nikapokea sifa.

Jumatano ile nilijua ni saa ngapi unafanya mtihani. Jioni watu wakaja, nikasimama mbele ya taji, nikasema kama desturi, kila mmoja aweke nia yake moyoni. Nami nikaweka yangu. Niliomba ushindwe. Sikupanga, ilitoka tu: Roho Mtakatifu, amekwisha fanya, basi aanguke, aje nyumbani. Nikaendelea kuongoza, tendo la kwanza la rozari, la pili, watu wanaitikia, mama yangu anaitikia, Nélia anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na yeye alikuwa ameshaniambia nia yake asubuhi wakati namchana nywele: Mama afaulu. Tendo la tatu sauti ikanikatika. Wanasema ni imani. Ilikuwa aibu, Idalina. Nilisimama mbele ya parokia nzima nikiomba mke wangu aanguke, na binti yangu anapiga magoti miguuni pangu anaomba kinyume.

Nikafuta uso, nikalirudia tendo la tatu tangu mwanzo. Wakashangaa, lakini wakaitikia. Safari hiyo niliomba ufaulu. Sikutaka, ila niliomba. Nisikudanganye kwamba nilitaka.

Barua yako ilipofika nilikuwa nakamua. Nimeisoma nimekaa juu ya ndoo. Nimefurahi, haki ya Mungu nimefurahi, na nimelia, na sijui kipi kilianza. Nélia nimempeleka kula aiskrimu. Mama nimemwambia mwenyewe, akaketi, akasema, "Basi atakuwa mchumi," akaomba aletewe maji. Tunasemeshana sasa.

Soma kiangazi, soma mwaka wa pili, soma na wa tatu. Ila usiniulize tena kama ni sawa. Kila ukiniuliza nitakwambia hapana, nitakwambia kwa sauti, nawe uendelee kusoma vilevile. Kitanda ni kipana mno. Nakutaka nyumbani leo, na usije mpaka umalize.

Mumeo,
Eurico